Mbuzi ya Mama Kadija

Kitu cha kwanza alichokiona Joyeuse kilikuwa maganda ya mayai.

Alikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Kadija, ameinama na sufuria ya majivu mkononi. Alimwaga majivu, na kabla hayajatulia akaona ndani ya ndoo ya taka maganda ya mayai sita. Nusu imekaa ndani ya nusu, nyingine ndani ya nyingine, kama vikombe vilivyopangwa kabatini. Mama Kadija hakuwa mtu wa kupanga maganda. Yeye alivunja yai, akalisaga ganda kiganjani, akawatupia kuku. Joyeuse alikuwa akimsaidia kuoka keki tangu mvua za mwaka jana, na hakuwahi kumwona akifanya vingine.

Aliujua mkono mmoja tu uliopanga maganda namna ile. Ulikuwa mkono wa Mama Mbelu, na Mama Mbelu alikuwa amekwenda na treni.

"We Joyeuse! Makala ya jiko inazimika huku!"

"Nakuya, mama."

Hakuuliza kitu. Maneno ya Joyeuse yalikuwa na tabia ya kupanda mpaka kooni, kuchungulia nje, kisha kurudi yalikotoka. Aliacha shule darasa la tano, mwaka baba yake alipofariki, na mtaani walimtania kwamba siku ile alisahau ulimi wake kwenye dawati. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na bado akisalimiwa njiani alijibu huku akitazama vidole vya miguu yake.

Macho yake lakini hayakuwa na haya. Yaliona kila kitu, na mwaka ule kila yalichokiona kilimtia shaka.

Mtaa mzima wa Kapata uliishi kwa shaka. Nyumba za kampuni zilikuwa zingali zimesimama safu kwa safu, zote sura moja, lakini mgodi ulikuwa umenyamaza, mishahara imekatika, na king'ora kilichowaamsha watu miaka yote hakikulia tena. Wakubwa walipanda majukwaani wakasema njaa imeletwa na watu wa Kasai, basi warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa hapa Kolwezi, na Kasai waliijua kwa hadithi za babu tu. Vijana wakaanza kuwaita bilulu, yaani wadudu. Milango ikachorwa chaki. Watu waliolala wakiwa majirani waliamka wakiwa wageni, wakaenda kukaa stesheni chini ya plastiki, wakingoja treni wiki hata miezi. Wako ambao treni iliwakuta wameshazikwa.

Mume wa Mama Mbelu, Tata Tharcisse, alikuwa karani wa kampuni, na nyumba yao ilitazamana na ya kina Joyeuse. Kila Jumamosi Mama Mbelu alimwita yule msichana asiyesema, akamfundisha keki alizojifunza yeye mwenyewe kwenye foyer, mahali ambapo bibi za wafanyakazi walifundishwa kushona na kupika. Siku walipofukuzwa, Joyeuse alimwona Tata Tharcisse kwa mbali, mashine ya kushona kichwani, watoto wawili nyuma yake. Lakini hakumwona Mama Mbelu. Alijua ana mimba kubwa, akadhani ametangulia. Joyeuse alijibanza nyuma ya ukuta mpaka wakapita, kwa sababu hakujua aage kwa maneno gani. Jioni ile ile mbuzi wawili wa Tata Tharcisse walitoweka, na tangu hapo mtaa mzima ulikuwa ukinusa sufuria ya jirani.

Na sasa maganda haya.

Mama Kadija alikuwa mwanamke wa sala tano, mfupi, mwenye mikono ya haraka. Wazazi wake walitoka Kasongo kwa biashara wakabaki. Mumewe, Amadi, alikuwa na lori. Lilikwenda Tenke, likaenda Sandoa, na mara mojamoja lilirudi na gunia la nazi zilizovuka ziwa na kupitia Kalemie. Watu wa Kapata nazi hawakuifahamu sana. Walijua tu kwamba keki za Mama Kadija zilikuwa ndogo za kuingia kiganjani, na kwamba ukizibana kidogo zinashuka kama zimevuta pumzi. Aliziokea ndani ya makopo madogo ya tomati, katika tanuri lililokatwa kwenye pipa, makaa chini na makaa juu. Nazi yenyewe hakuna aliyemwona akiitengeneza. Joyeuse alipofika asubuhi aliikuta tayari kwenye bakuli, nyeupe, laini kama unga, imefunikwa kitambaa.

"Hiyo ni kazi ya ndani," Mama Kadija alisema siku ya kwanza. "Si kazi ya kufanya mbele ya watu." Mambo yakaishia hapo.

Kwa muda mrefu keki zile zilikuwa na kichwa wazi. Wiki tatu zilizopita zikaanza kuvaa krema ya chokoleti. Hata Mama Mado, aliyezibeba kwa sinia kwenda kuziuza sokoni, alisimama mlangoni akashangaa.

"Eh, Mama Kadija! Krema hii nani alikufundisha?"

"Mungu."

"Mungu ya wapi huyo anajua chokoleti? Nionyeshe kanisa yake, na mi niende kusali!"

Mama Mado alicheka kwa mwili wote, sinia likatikisika kichwani. Alikuwa mtu wa kucheka na kuuliza, mdomo wake ulijulikana kutoka soko hadi kituo cha maji. Mama Kadija hakucheka. Alimsindikiza kwa macho mpaka sinia likapotea nyuma ya nyumba za mwisho.

Siku ile ya maganda, Joyeuse alilamba mwiko wa krema alipokuwa anaosha vyombo. Sukari ilikuwa imetwangwa kinuni na kuchujwa kwa kitambaa. Margarini imepigwa mpaka ikapauka. Kakao, chembe ya chumvi, na chini kabisa ya utamu, kijiko kimoja cha kahawa nyeusi.

Mwiko ulimganda mdomoni. "Kahawa haionekane," Mama Mbelu alikuwa akimwambia, "lakini njo inaamusha chokoleti." Hakuna mwingine Kapata aliyetia kahawa ndani ya krema. Mama Mbelu alikuwa na daftari lake la foyer, lenye jalada la bluu, ambalo kila kitu kiliandikwa humo. Mlango wa nyumba yake ulivunjwa, vitu vikatolewa kama matumbo ya kuku. Nani alichukua daftari?

Joyeuse alimtazama Mama Kadija kwa upande. Alikuwa ameinama kwenye beseni la kutawadha, akisugua viwiko vyake taratibu, mtu msafi.

Saa hiyo hiyo mvua ikaanza kunyesha. Walirudi kibarazani. Joyeuse alipiga ute wa mayai kwa uma, upande mmoja tu, kama alivyofundishwa, mpaka ukasimama, hata sahani ikigeuzwa usianguke. Mama Kadija alipaka mafuta makopo. Ndani ya chumba kukasikika: krr, krr, krr. Kukatulia. Krr, krr.

Uma wa Joyeuse ulisimama.

Mama Kadija akakohoa. "Vumbi ya leo, eh! Vumbi hii itatuua!"

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye bati. Mama Kadija aliweka kopo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Sauti yake ilipita juu ya ukuta, ya chini, ya kunong'ona:

"Mbuzi inapiga kelele. Rudisha chini ya kitanda. Polepole."

Akatoka na bakuli la nazi, uso mkavu. "Nani alikuambia uache kupiga? Ute itashuka."

Wako watu ambao Kiswahili chao kinamtenga mnyama na kitu kwa herufi moja tu, na masikio yao yangeshtuka hapo. Kolwezi si hivyo. Kolwezi mbuzi iko, kiti iko, lori iko, vyote vinakwenda njia moja. Joyeuse alisikia mbuzi, akaona mbuzi: yule mweupe wa Tata Tharcisse mwenye sikio lililochanika, amefungwa mdomo kwa kamba, anakwaruza mguu wa kitanda kwa pembe zake. Na palikuwa na mtu wa kumshika, kwa maana Tata Amadi alikuwa Tenke na mama hakuwa akisema peke yake. Maganda, krema, mbuzi. Vitu vya Mama Mbelu vilikuwa vimehamia nyumba hii, kipande kwa kipande.

Alimaliza kazi bila kuinua kichwa. Uchungu ulimkaa kifuani kama tonge la bukari lililomezwa likiwa moto.

Kaka yake, Stany, alikuwa nyumbani akila alipofika. Zamani Stany aliendesha mashine mgodini. Sasa aliamka, akafunga kitambaa chekundu kichwani, akaenda kuzunguka na Kisimba na vijana wake, wale waliokuwa wakikagua nyumba kutafuta Wakasai waliobaki. Wiki iliyopita alirudi na kiti kizuri cha mto mwekundu. Hakusema kilikotoka. Joyeuse hakuuliza, lakini hakukikalia.

"Kikalie kiti, we mutoto," Stany alisema. "Kitakuuma?"

Joyeuse aliketi chini kwenye mkeka.

"Ah, bon. Weye uko mutakatifu. Unaona kaka yako mwizi, na Mama Kadija wako njo malaika. Anatawaza, anasali, hachukue kitu ya mutu."

Hapo ndipo maneno yalipopanda, na mara ile hayakurudi.

"Na yeye iko na mbuzi ya watu," Joyeuse alisema. "Chini ya kitanda."

"Mbuzi?"

"Nilisikia. Alisema barudishe mbuzi chini ya kitanda."

Stany alicheka, kisha akaacha kucheka. "Inalia?"

"Hailie. Inakwaruza tu."

"Alikuwa anasema na nani? Amadi si iko Tenke?"

"Sijui."

Stany alishika tonge la bukari katikati ya sahani na mdomo, akalitazama, akalirudisha. Alinawa mikono, akatoka nje, akawa anapiga mluzi. Joyeuse alibaki ameshika ukingo wa mkeka. Ulikuwa mluzi mbaya. Hakujua kwa nini.

Asubuhi alikuwa anafagia uani Kisimba alipopita barabarani na kijana mwingine, mrefu, aliyeitwa Kitenge.

"Stany! Tunaanzia wapi?"

"Kwa bale ba Kasongo," Stany alijibu kutoka dirishani. "Saa tatu. Wacha nivae."

"Kuna nini kule?"

"Kuna mbuzi. Lakini mbuzi yenye hailie, yenye bananong'oneza nayo ndani ya chumba? Ile ni mbuzi ya miguu mbili, mukubwa."

Wote watatu wakacheka.

Ufagio ulimtoka Joyeuse mkononi. Mbuzi ya miguu miwili. Mtu. Na mtu huyo hupanga maganda ya mayai nusu ndani ya nusu, na hutia kahawa ndani ya krema. Joyeuse alipita nyuma ya vyoo, akaruka mtaro, akakimbia akiwa ameshika kanga yake kwa ngumi.

Hakubisha hodi. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Alisukuma mlango wa chumba, na hapo akamwona Mama Mbelu amekaa juu ya kibao kifupi cha miguu ya mbao, ametanua magoti kama mpanda farasi, kanga imesukumwa katikati, kitoto kimefungwa mgongoni. Mbele ya kile kibao ulichomoza ulimi wa chuma wenye meno. Mama Mbelu alishika nusu ya nazi kwa mikono miwili akiizungusha juu ya ulimi ule, krr, krr, na nyama nyeupe ikaanguka kwenye bakuli kama unga.

Mikono ya Mama Mbelu ilisimama.

"Joyeuse," alisema polepole. "Joyeuse yangu."

Mama Kadija aliingia nyuma yake mbio, akaufunga mlango kwa mgongo. "Nani alikuambia uingie? Nani?"

"Ile," Joyeuse alisema, akinyoosha kidole. "Ile ni nini?"

"Mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi! Ya mama yangu, ilitoka Kasongo. Umekuja kuniuliza mbuzi?"

Joyeuse aliushika ukuta. Mama Mbelu, akidhani ni woga wa kawaida, akaanza kumweleza kama alivyomweleza zamani juu ya hamira. Alipofukuzwa mumewe yeye alikuwa hospitali, anajifungua. Alipotoka na mtoto alikuta nyumba ina watu wengine, na mumewe na watoto wamekwisha pandishwa treni. Stesheni hakutaka kwenda, mama mkwe wake, aliyefukuzwa mapema, alifia pale pale kwa kuhara. Mama Kadija alimkuta ameketi kwenye ngazi za hospitali na kumwambia simama. Sasa walikuwa wakingoja lori la Amadi, ambalo lingemfikisha Sandoa, na toka Sandoa angetafuta njia ya Kasai. "Nilikuwa nachoka kukaa bure humu ndani," alisema, akijaribu kutabasamu. "Nikasema wacha nimusaidie hata keki."

"Banakuya," Joyeuse alisema.

"Nani?"

"Ba Kisimba. Na Stany. Saa tatu. Banajua iko mutu."

Mama Kadija alishika kichwa. "Lori inafika saa sita. Ni Mado. Ni ule ulimi wa Mado! Krema nani alikufundisha, krema nani alikufundisha! Nilijua! Siku ile niliona macho yake!"

Joyeuse alifungua mdomo. Nje, mwanzo wa safu, mbwa akabweka, na sauti za wanaume zikasikika zikipiga soga. Mdomo ukafungika.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, sanduku moja, na dirisha lililotazama barabara. Mama Mbelu alikuwa amekwisha simama, mtoto mgongoni, akitazama kila pembe kwa macho ya mtu aliyekwisha fukuzwa mara moja. Joyeuse hakufikiri. Alikinyakua kile kibao cha chuma, akachukua nusu ya nazi na bakuli, akatoka uani. Alikiweka katikati kabisa, mahali ambapo kila aliye langoni angekiona. Akapandisha kanga yake juu ya magoti, akatanua miguu, akakaa.

Ndiyo sababu haikuwa kazi ya kufanya mbele ya watu. Alielewa sasa. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Hodi hapa!" Kisimba alisukuma lango kwa mguu. Stany na Kitenge walikuwa nyuma yake, Stany na fimbo. "Mama Kadija, bonjour. Tumesikia uko na mbuzi."

Mama Kadija alisimama mbele ya mlango wake.

"Iko hapa!"

Wote waligeuka. Kuku walitawanyika. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya Joyeuse ikiwa kubwa hivyo, yeye mwenyewe kwanza.

"Munatafuta mbuzi? Hii njo mbuzi," alisema, akasukuma nazi kwenye meno. Krr, krr, krr. "Kwa batu ba Kasongo banaita hii mbuzi. Haikule majani. Inakula nazi. Inalala chini ya kitanda. Kuyeni muione, haiume."

Wakakitazama kile kibao. Kisha Kitenge alilipuka, akajipiga mapaja. "Stany! Mbuzi yako ya miguu mbili! Eko na miguu ine, ya mbao!"

"Umetuamusha kwa kuya kukamata kiti!" Kisimba alisema, na yeye akacheka, lakini macho yake yalibaki kwenye mlango. "Sawa. Mbuzi tumeona. Chini ya kitanda nako tutaangalia."

Alipiga hatua. Ndani ya nyumba kitoto kikatoa sauti ndogo, kama mlango usiopakwa mafuta. Joyeuse aliisikia. Aliiegemea nazi kwa uzito wake wote, krr, krr, krr, akatanua magoti zaidi ili apate nguvu. Kitenge aliacha kucheka. Alichuchumaa taratibu mbele yake, viwiko juu ya magoti, akainamisha kichwa upande.

"Eh, mwali," alisema. "Hii mbuzi unaipanda muzuri. Panda tena, tuone."

"Joyeuse, simama!" Stany alisema.

"Kazi haiyaisha, kaka."

"Nimesema simama!"

"Hapana."

Hakuwahi kumwambia kaka yake hapana. Meno ya chuma yaliupitia ukucha wake, tone la damu likaingia kwenye nazi nyeupe, naye hakuacha. Kitenge alizidi kuinama. Kisimba mwenyewe alikuwa amesimama, mguu mmoja juu ya ngazi, akigeuka kutazama anachotazama mwenziwe.

Stany alimshika Kitenge ukosi wa shati akamwinua. "Unaangalia nini? Unaangalia nini, we munyama?"

"Mi? Si dada yako njo anaonyesha?"

Fimbo ilianguka, ngumi zikaanza. Walizunguka ua wakishikana, wakagonga meza, makopo ya tomati yakaviringika hadi kwenye matope. Kisimba ilibidi ashuke ngazi kuwatenganisha. Stany alikuwa analia, machozi ya hasira, pua inavuja. "Tokeni! Hakuna mutu atabakia mu lupango hii! Dada yangu haiko sinema! Tokeni bote!" Aliwasukuma wawili wale kuelekea lango kama mtu anayesukuma gari bovu.

Kisimba alijitoa mikononi mwake. Alirudi mpaka kwenye sinia la keki zilizokuwa tayari, akachagua nne, akatia moja mdomoni. Krema ilimbaki juu ya masharubu.

"Muzuri," alisema, akimtazama Mama Kadija. "Kesho tutarudia. Bila mukorofi huyu."

Walikwenda. Joyeuse alibaki amekaa. Mama Kadija alikuja kumfunika magoti kwa mtandio wake kana kwamba amemtoa mtoni.

Lori la Amadi lilifika kabla ya saa sita. Lilipakia chumvi na vitambaa mbele ya watu wote, na katikati ya magunia akakaa mwanamke aliyejitanda mtandio mpaka machoni, mtoto kifuani; watu waliambiwa ni shemeji ya mwenye lori anarudi kwao. Keki zilizosalia alipewa ndani ya katoni. Kabla ya kupanda, nyuma ya mlango, Mama Mbelu alishika uso wa Joyeuse kwa mikono miwili.

"Leo umesema kupita miaka yote niliyokujua," alimwambia. "Mutoto huyu akikua nitamuambia jina lako."

Joyeuse alitamani ardhi imfunike. Alisema, "Mama, mi..." na Amadi akawasha mashine.

Kesho yake Kisimba alikuja na watu wengine, akaangalia chini ya kitanda, akakuta ndara.

Amadi alirudi siku ya tisa. Mama Mbelu alikuwa amefika Sandoa kwa watawa, mtoto ananyonya vizuri, kulikuwa na gari la misheni la kwenda Kasai. Mama Kadija alisujudu pale pale uani. Alipoinuka, jambo moja lilikuwa bado halijamtoka rohoni.

Siku ile ile, kina Kisimba walipokwisha kuondoka na keki zao, Mama Mado alikuwa amekuja na sinia tupu kama kawaida, na mlango ulifungwa mbele ya uso wake. Alikuja kesho, akaja keshokutwa. Mama Kadija hakumweleza kosa lake, kwa sababu kulitaja ni kukiri. Aliwaambia tu majirani wawili watatu: mjihadhari na mdomo ule, unauza watu. Ilitosha. Kapata ya mwaka ule haikuhitaji zaidi. Sokoni wanawake walisogeza meza zao. Kituo cha maji walimwacha achote wa mwisho. Mama Mado, aliyecheka kwa mwili wote, akawa anapita kando ya ukuta.

Asubuhi moja baada ya Amadi kurudi, alikuwa amesimama langoni, bila sinia.

"Mama Kadija! Niambie tu nilifanya nini! Batoto yangu bananiuliza! Mi niliuliza krema, krema tu!"

Mama Kadija alikuwa kibarazani akitoa makopo tanurini kwa kitambaa. Hakugeuka. "Wacha alie," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimi wake ulitaka kuua mtoto wa mwezi mmoja. Lete krema."

"Keki iko moto, mama," Joyeuse alisema. "Krema itatiririka."

"Basi tungoje."

Walingoja. Langoni Mama Mado alikuwa amechuchumaa, mgongo umewageukia, mabega yanapanda na kushuka. Joyeuse aligusa kopo moja baada ya jingine kwa mgongo wa mkono. Yalipoa yote. Mama Kadija alinyoosha mkono apewe kisu cha kupakia, na Joyeuse hakumpa.

"Mama," alisema, na hakutazama chini. "Muite Mama Mado aingie. Haiko yeye. Ni mi nilimuambia Stany. Nilizania mama uliiba bitu ya Mama Mbelu, na nilitaka bakushike."